Upande wa Tadei

Jumamosi jioni, kabla ya karabai kuwashwa, Rahel aliunguza sukari. Alimimina mafuta kwenye sufuria kubwa, akatia sukari, akasubiri mpaka ikawa nyeusi na kuanza kutoa povu, ndipo akaingiza vipande vya kuku. Moshi wake ulitoka dirishani ukavuka stendi ya mabasi, na makondakta waliokuwa wakiita abiria wa Laela na Tunduma wakajua jioni imefika. Wageni walidhani kuna chakula kimeungua. Wenyeji walijikung'uta vumbi na kusogea mlangoni.

Hoteli iliitwa Trinidad. Jina hilo lilikuwa limeandikwa ukutani kwa rangi ya kijani, na kando yake palichorwa mnazi. Mchoraji alikuwa mtu wa Kizwite ambaye hakuwahi kuona mnazi, akauchora kwa kufuata maelezo ya Rahel, ukatokea kama mgomba uliozaa maboga. Hakuna aliyelalamika, kwa sababu wateja wengi nao hawakuwahi kuuona.

Rahel mwenyewe alikuwa mtu wa Mbeya. Alikuja Sumbawanga akiwa msichana, pamoja na kaka yake Ambakisye, akapata kazi ya kupika nyumbani kwa Bwana Alwyn, fundi aliyetoka kisiwa cha Trinidad kuja kufundisha vijana ufundi wa magari. Bwana Alwyn alimfundisha kupika wali kwa sukari iliyoungua, kuku na mbaazi. Alimfundisha kuchemsha majani ya magimbi na bamia mpaka yateleze, kukaanga ndizi mbivu, na kusonga unga wa mahindi pamoja na bamia, chakula ambacho kwao kilikuwa na jina refu. Rahel alimwambia kwamba huo ni ugali. Bwana Alwyn alifikiri, akakubali.

Ambakisye naye alifundishwa kukata pipa la mafuta na kuligonga kitako kwa nyundo mpaka kila upande ukatoa sauti yake, na kulipiga kwa vijiti vilivyofungwa mpira. Bwana Alwyn alipomaliza mkataba akarudi kwao, aliwaachia pipa, sufuria na desturi moja. Kila jioni, kwa miaka yote aliyokaa Sumbawanga, alikuwa akimpakulia mama yake aliyeko ng'ambo ya bahari sahani ya chakula. Sahani ilikaa mezani kama ilivyowekwa, na kabla ya kulala Bwana Alwyn aliila mwenyewe.

Ilipofika miaka ya ruksa, na kila mwenye sufuria akaweza kufungua biashara, Rahel alikodi nyumba yenye ukumbi karibu na stendi. Siku ya kufungua alimwekea Bwana Alwyn sahani kwa heshima. Aliporudi kutoka jikoni ilikuwa tupu, na mifupa ya kuku imepangwa kwenye ukingo kuanzia mkubwa hadi mdogo, kama Bwana Alwyn alivyokuwa akiipanga siku zote. Rahel aliiosha sahani akaendelea na kazi.

Baada ya hapo wateja nao walianza kuweka sahani. Hilo halikuhitaji kuelezwa sana, kwa kuwa hapakuwa na nyumba Ufipa isiyokuwa na mtu wake mbali. Mbolea ilikuwa imepanda bei. Malori yaliyozoea kufuata mahindi vijijini yalikuwa hayaji tena, na walanguzi waliokuja badala yake walitaka lumbesa, gunia linalojazwa mpaka likashonewa kofia juu, halafu wakalihesabu kuwa gunia moja. Vijana wakaondoka. Wengine walikwenda Dar es Salaam kutembeza bidhaa mikononi, wengine machimboni, wengine wakavuka Zambia. Walituma salamu kwa makondakta kwamba wako poa.

Sahani zilisema vingine. Justina wa Kizwite alikuwa na binti aliyekwenda Dar es Salaam kulea watoto wa watu, na mama aliyemchukua alikuwa amesema kwamba msichana amenenepa hata magauni hayamtoshi. Justina alipoweka sahani yake ya kwanza, wali uliisha kabla hajaondoa mkono. Kisha mchuzi ukaisha. Kisha sahani ikabaki inang'aa kama iliyolambwa.  Justina alimpungia Rahel mkono, sahani ya pili ikaletwa, nayo ikaenda vivyo hivyo. Tangu jioni ile alikuwa akiagiza mbili moja kwa moja.

Shija, mfugaji wa Kisukuma aliyeishi bondeni Rukwa, alimwekea kaka yake aliyehamia kusini na ng'ombe. Kaka alimaliza sahani tatu mfululizo.

"Mzee Shija," Ambakisye alimwuliza kutoka penye pipa lake, "huyo ndugu yako ana tumbo au ana zizi?"

"Ana wake watatu," Shija alijibu. "Wote wanachungulia hapo."

Bwana afya wa mji alisikia habari akaja kukagua. Aliuliza kama sahani zinazojimaliza zenyewe zinaoshwa kwa maji ya moto sawa na nyingine, akaambiwa ndiyo. Aliuliza kama walaji hao wananawa mikono. Rahel alisema hilo hawezi kulithibitisha. Bwana afya aliandika kwamba usafi unaridhisha, akavua kofia, akaagiza sahani ya mdogo wake aliyekuwa Kigoma. Akakaa kuitazama mpaka ikaisha.

Basi kila Jumamosi ukumbi ulijaa. Walikuja madereva, waalimu, akina mama wa sokoni, vijana waliovaa majaketi ya mitumba na kuitana washikaji. Pipa lililia, watu wakacheza wakiwa na masweta yao kwa sababu ya baridi, na kati ya meza na meza zilikuwepo sahani zilizokuwa zikipungua polepole au haraka, kwa kadiri ya njaa ya mahali zilikokwenda. Watu walizoea kutozitazama sana, kama vile mtu asivyomtazama mwenzake mdomoni anapokula.

Bertha alitoka Pito kila Jumamosi na kapu la maharage kichwani. Akishauza sokoni alikuja Trinidad, akakaa meza ya pembeni karibu na mlango wa uani, akaagiza sahani moja. Haikuwa yake. Iliwekwa mbele ya kiti kitupu. Bertha alitaja jina la mwanawe, Tadei, akaingiza mikono ndani ya sweta, akasubiri.

Tadei aliondoka msimu ule mahindi yao yaliposubiri gari kando ya barabara mpaka mvua ikayaotesha ndani ya magunia. Alisema anakwenda machimboni upande wa Chunya kwa muda mfupi. Baadaye mtu mmoja wa mabasi alisema amemwona Mererani, kisha akasema hapana, aliyemwona alikuwa na sweta kama la Tadei tu. Tangu hapo hapakuwa na neno.

Sahani yake haikuguswa. Wali ulipoa na mafuta yakaganda pembeni. Sahani isiyoguswa ilikuwa na maana mbili, na kila mtu ukumbini alizijua zote. Wateja walichagua ile njema.

"Ameshiba huyo, Mama Tadei," walimwambia wakipita kwenda kunawa.

Bertha aliwashukuru. Watu walipoanza kupungua alivuta sahani upande wake akaula ule wali mwenyewe, umeshapoa, kisha akapanda gari lolote lililoelekea Pito. Juma lililofuata alirudi.

Polikarp, mumewe, alichagua maana ya pili. Hakuichagua haraka. Kwa muda mrefu alikuwa akimwuliza mkewe Jumamosi anaporudi, na mkewe alikuwa akitikisa kichwa, na yeye akiendelea kuchochea moto. Lakini baada ya mavuno aliwaita ndugu. Aliwaambia kwamba hata waliopotea Zambia wanakula pale kwa Rahel, na mwanawe hajala punje. Alisema nyumba haiwezi kuishi mlango wazi. Matanga yawekwe, misa isomwe, watu wanyolewe, kisha kila mtu arudi shambani. Ndugu walikubaliana naye. Ulezi ukalowekwa kwa ajili ya pombe. Katekista aliuliza aandike tarehe gani ya kifo, na Polikarp akasema aandike mwaka tu.

Kuanzia siku ulezi ulipolowekwa, Polikarp alimwita mkewe Mama Scola, kwa jina la binti yao. Hakueleza sababu na Bertha hakuuliza. Aliitika, ila kila mara alichelewa kidogo, kama mtu aliyedhani anaitwa mwingine.

Matanga yalipangwa kuwa Jumatano. Bertha aliomba Jumamosi moja zaidi. Polikarp alisema hiyo ni haki yake, lakini atamfuata huko mwenyewe, na ikishapita hiyo asisikie tena habari za sahani.

Ndiyo Jumamosi ile ambayo Rahel alikuwa akiunguza sukari.

Bertha aliingia mapema. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani. Rahel alimwona, akampakulia Tadei paja la kuku badala ya shingo, akaongeza ndizi mbili na kijiko cha pilipili ya kusaga, akaileta sahani mwenyewe. Ilikuwa sahani ya bati yenye ukingo wa buluu, kama zote za hoteli hiyo. Bertha alitaja jina. Alilitaja mara moja tu, kwa sauti ya kawaida, akaingiza mikono ndani ya sweta.

Ukumbi ulijaa. Justina alikuwa na sahani zake mbili. Shija alikuwa amekuja na mkewe, wakibishana kama kaka yule apelekewe nyama au mboga, maana nyama aliyonayo ilimtosha. Karabai ziliwashwa. Ambakisye alianza na wimbo wa polepole, akauharakisha, vijana wawili wa stendi wakasimama kucheza na mmoja akampiga mwenzake kikumbo akaomba radhi kwa meza nzima. Sahani ya Tadei ilitoa mvuke, kisha mvuke ukapungua, kisha ukakoma.

Basi la Laela lilichelewa. Lilipofika, Polikarp alimpokea Scola, aliyekuwa ameolewa huko na kuuza chai kituoni, akamleta moja kwa moja hotelini. Alivua kofia mlangoni. Alikuwa hajawahi kuingia. Aliitikia shikamoo za vijana, akatafuta meza ya mkewe kwa macho, akaenda kukaa bila kutazama kilichokuwa juu yake.

Scola alimwamkia mama yake, akakaa upande wa pili, akavua viatu chini ya meza. Alisema kwamba baba amemshika mkono kuvuka barabara kama mbuzi wa mnada, na kwamba kwenye basi alikaa na mama mmoja mwenye bata, bata mwenyewe amelipa nauli na yeye Scola amesimama nusu ya njia. Alitazama ukumbi, pipa, mnazi wenye maboga ukutani. Kisha akatazama sahani iliyokuwa mbele ya kiti kitupu.

"Hii ya nani?"

"Ya kaka yako," alisema Bertha.

Scola aliikagua sahani. Aligusa ukingo wake wa buluu kwa kidole.

"Kwani Tadei anaumwa nini?"

Bertha alisema haumwi kwa wanavyojua, ila hajala tangu walipoanza kumwekea.

"Kama haumwi, mbona mmempa sahani yake peke yake?"

Nyumbani kwao Pito watu walikula sinia moja. Mgeni alikula hapo, padre alipopita alikula hapo, na hata waliogombana walikula hapo bila kusemeshana. Sahani ya mtu mmoja iliwahi kuwepo moja tu. Ilikuwa ya bati, yenye ukingo wa buluu, nayo ilikuwa ya Flavian, mdogo wake Polikarp, aliyekaa kwao alipougua kifua. Muuguzi alisema apewe vyombo vyake. Basi watoto walikua wakimwona baba yao mdogo akila peke yake karibu na mlango, na sahani ikimwagiwa maji yanayochemka, na kutundikwa nje kwenye msumari wake. Flavian hakurudi tena kwenye sinia. Alipokufa sahani iliachwa palepale nje, ikapata kutu kwenye tundu, na watoto walipita mbali nayo. Tadei alikuwa akizunguka nyumba nzima ili asipite chini yake.

Bertha aliinuka. Alichukua sahani ile kutoka mbele ya kiti kitupu, akaipeleka mwenyewe mpaka kwenye dirisha la jikoni, akaiweka.

"Dada Rahel," alisema, "naomba unisongee ugali. Wa sinia. Sisi ni watu wanne."

Rahel aliangalia meza yenye watu watatu. Aliuliza tu kama bamia ziingie ndani ya ugali au zikae pembeni.

"Pembeni," alijibu Polikarp kutoka mezani. Lilikuwa neno lake la kwanza katika shauri hilo.

Ugali ulisongwa mgumu, wa unga uliochanganywa na ulezi, mwekundu, ukaletwa unafuka moshi juu ya sinia kubwa ambalo Rahel alilitumia kuchagulia mchele. Bakuli la majani ya magimbi na bamia liliwekwa katikati, pamoja na jingine lenye samaki mmoja mkubwa wa ziwani. Kiti kitupu kilisogezwa karibu. Bertha alichukua birika na beseni. Alimnawisha mumewe, akamnawisha binti yake, kisha akaenda upande wa nne akamimina maji hapo. Maji yalianguka moja kwa moja kwenye beseni. Akanawa yeye mwishoni, akakaa.

Polikarp alifanya ishara ya msalaba, wakaanza kula.

Kwa muda hapakutokea kitu. Polikarp alimega upande wake, akachovya, akatafuna akitazama ukutani. Scola aliendelea na habari za bata. Bertha alikula kidogo kidogo, na hakutazama upande wa nne, kwa kuwa mtu akitazamwa sana hali vizuri. Pipa lililia. Justina alikuwa amegeuza kiti chake kidogo kuelekea kwao, na Shija alikuwa ameacha kubishana na mkewe.

Tadei alikuwa na namna yake ya kumega, ambayo alikatazwa utoto wake wote. Hakumega juu kama watu. Alichimba chini, kwenye ukingo wa sinia, akaingia ndani, mpaka juu kukabaki kama pango, na mwishowe ugali wote ukamwangukia aliyekaa mbele yake. Baba yake alikuwa akimwuliza kama anatafuta panya.

Scola ndiye aliyeona kwanza. Kwenye upande wa nne, chini kabisa, palikuwa pameingia shimo. Wakati akiliangalia likaongezeka, na kipande kidogo cha juu kikaanza kuinama.

"Anatafuta panya," alisema.

Polikarp alitoa sauti puani. Aliacha kutafuna. Bertha aliweka tonge lake chini, akafuta mkono kwenye kitenge cha kanisani, akalichukua tena.

"Anakula," alisema.

Kwenye meza nyingine mtu alisema kwamba Mama Tadei kijana wake anakula, na habari ikazunguka ukumbi, na watu wakaipokea kwa furaha ya kawaida kama ya kusikia kwamba basi limewasili salama. Ambakisye aliongeza mwendo. Rahel alitoka jikoni, akaliona shimo, akasema ataongeza mboga.

Lakini tonge la pili halikwenda vizuri. Liliinuka nusu ya njia, likavunjika, likaangukia bakulini, na mboga ikaruka mezani. La tatu liliinuka likateleza pembeni. Tadei hakuwa mtu wa kumwaga chakula. Polikarp alimeza kilichokuwa mdomoni, akalivuta sinia taratibu mpaka upande wa nne ukawa chini ya mwanga wa karabai.

Ugali mgumu wa Ufipa hushika alama. Polikarp alikuwa mtu wa kufuatilia ng'ombe waliopotea, aliyeweza kusema kutokana na nyayo kwamba mnyama huyu anachechemea na yule ana mimba. Aliinamia shimo lile akalisoma. Kidole gumba kilikuwepo. Cha kuonyeshea kilikuwepo, na cha kati. Baada ya hapo ugali ulikuwa laini, haujaguswa. Aliweka mkono wake mwenyewe ndani ya alama zile, gumba kwenye gumba, na vingine vikaingia mahali pake. Vidole vyake viwili vya mwisho havikuwa na pa kuingia.

"Viwili havipo," alisema.

 Scola alifunika mdomo kwa kiganja kisha akakiondoa. Polikarp alimwuliza Rahel kama kuna njia ya kuuliza ni mashine gani iliyovikata, au ni jiwe, na ni kwenye machimbo ya nani. Rahel alisema chakula kinakwenda lakini maneno hayaendi. Yeye mwenyewe aliwahi kumwuliza Bwana Alwyn namna ya kutunza pilipili isichache, akarudishiwa mifupa tu. Polikarp aliitika kwa kichwa. Alilirudisha sinia mahali pake.

Upande wa nne tonge lingine lilivunjika.

Bertha alisogeza kiti. Alimega ugali mkubwa kwa mkono wa kulia, akaubiringisha kiganjani mpaka ukawa wa mviringo, akaubonyeza kwa gumba ukapata kishimo, akajaza mboga na kipande cha samaki alichokitoa miiba, akaufunga. Akauweka upande wa Tadei. Akatengeneza mwingine akauweka kando ya ule wa kwanza. Alikuwa akifanya hivyo zamani, Tadei alipokuwa bado hajajua kuchovya bila kujichafua mpaka kwenye kiwiko.

Tonge la kwanza liliondoka zima. La pili likaondoka. Bertha akatengeneza mengine, na kasi ya kuondoka kwake ikawa kubwa mpaka Scola akaacha kula akamsaidia mama yake kutoa miiba.

Polikarp aliwatazama. Alinyosha mkono, akalisogeza bakuli la samaki lifike karibu na mkewe.

"Mama Tadei," alisema, "usimtilie pilipili nyingi. Yule hapendi."

"Najua," Bertha alijibu, na safari hii hakuchelewa.

Ulezi uliokwisha kulowekwa hauwezi kurudi ghalani. Jumatano ndugu walifika Pito wakiwa na nyuso za msiba, wakaambiwa kwamba Tadei amekula. Waliuliza amekula kiasi gani. Walipoambiwa, wazee walisema basi huyo ni mzima, wakakaa wakanywa pombe kwa ajili ya kazi badala ya matanga, na kesho yake wakaamka na majembe, wakafukia nyasi kwenye matuta ya mviringo katika eneo kubwa kuliko la mwaka uliopita. Mmoja aliyetangulia kunyoa alitaniwa mchana kutwa. Katekista aliufuta mwaka alioandika. Scola aliteremsha sahani ya Flavian kutoka kwenye msumari, akaisugua kwa majivu, akawatilia kuku maji humo.

Mahindi yaliota vizuri. Walanguzi walikuja kwa wakati wake na magunia yao ya lumbesa, wakanunua kama walivyonunua mwaka uliotangulia. Binti wa Justina aliendelea kulamba sahani, na mama aliyemchukua aliendelea kutuma salamu kwamba msichana amenenepa.

Polikarp alianza kwenda stendi. Aliuliza kila kondakta aliyetoka Mbeya na Arusha kama amemwona kijana wa Kifipa, mrefu, ambaye mkono wake wa kulia una vidole vitatu. Makondakta walikuwa watu wa adabu, walifikiri kabla ya kujibu. Walimwambia kwamba wa hivyo wapo wengi, awape alama nyingine.

Hakuwa na alama nyingine. Alirudi nyumbani akachonga kijiko cha mti, kifupi, chenye mpini mnene unaoweza kushikwa kwa vidole vichache, akakilainisha kwa kipande cha chupa. Jumamosi alikibeba mfukoni mpaka Trinidad, akakiweka kwenye sinia upande wa nne.

Jioni ile moshi wa sukari ulikuwa mwingi na watu walikuwa wengi zaidi. Meza kadhaa zilikuwa zimeunganishwa, maana familia nyingine nazo zilikuwa zimeomba masinia, na Rahel alikuwa ameazima mawili kwa jirani. Shija alikuwa akimlaumu kaka yake kwa sauti kwamba amemaliza upande wake sasa anaingia wa watu. Bertha alinawisha wote, akamimina maji upande wa nne, akakaa, akaanza kubiringisha.

Kijiko hakikuguswa. Polikarp alikiangalia mara kwa mara, mwishowe akakichukua akakitumia yeye kunywea mchuzi. Matonge yaliondoka moja baada ya jingine, makubwa, yenye samaki ndani, bila pilipili. Bertha alitengeneza mpaka ugali ukabaki ukoko. Alipanga ya mwisho mawili kwenye ukingo wa sinia. Moja likaenda, polepole. Lile jingine likabaki.

Walisubiri. Ambakisye alimaliza wimbo akafuta jasho, akaanza mwingine. Tonge lilikuwa bado lipo, na mboga imeanza kuchungulia penye kishimo chake.

"Ameshiba," alisema Bertha, akalichukua, akalila likiwa bado la moto.